Ganda la Tano

"Bibi, mumeo amekuja kununua bunduki au risasi?" muuza silaha aliuliza.

"Risasi," mke wa Shabaha akajibu kabla mumewe hajafungua mdomo. "Bunduki ni ya kuzitolea tu."

Muuza silaha akacheka mpaka akalazimika kuvua miwani. Shabaha hakucheka. Juu ya kaunta ya kioo bunduki mbili zilikuwa zimelazwa kwenye kitambaa cha kijani, na macho yake yalikuwa yameng'ang'ania moja. Kitako chake kilikuwa cheusi, kimelainishwa vizuri, na mtu akikiweka begani anajiona ameongezeka kimo. Kaliba yake, yaani kipimo cha risasi zake, ilikuwa mbili-nane-sifuri. Ya pili ilikuwa tatu-sifuri-nane, ina mkwaruzo mrefu ubavuni, bunduki ya kawaida kabisa. Walinzi wote wa mashamba ya upande ule wanatembea nayo.

"Hii nyeusi haipigi bega," Shabaha akasema kwa sauti ya mtu anayeomba.

"Sikatai. Nguruwe pori akisimama kule mwisho wa mahindi, kwa hii unampata. Lakini risasi zake, mzee wangu, zinakuja kwa kudra. Mara ya mwisho nimezipokea mwanangu alikuwa hajaanza shule. Sasa hivi ananiomba wembe wa ndevu." Akagonga ile yenye mkwaruzo kwa kidole. "Za hii hata leo ninazo. Kesho ninazo. Nikiishiwa, jirani yako anazo. Na ukumbuke, kibali kinaandikwa kaliba. Ukishaandikiwa mbili-nane-sifuri, umeoa. Kuibadili ni kuanza maombi upya."

Kuanza upya hakukuwezekana. Shabaha alikuwa mlinzi wa shamba la mahindi. Bunduki yake ya zamani ilikataliwa kwenye ukaguzi kwa sababu mtutu ulikuwa na ufa, na meneja wa shamba alikuwa ameshasema neno lake: mahindi yakianza kubeba kabla mlinzi hajapata bunduki inayolia, nyumba ya mlinzi itapewa mlinzi mwingine. Nyumba yenyewe vyumba viwili na jiko la nje. Watu wengine wangeiona kibanda, lakini ukishapikia mahali miaka yote hiyo na kulelea watoto hapo, unajua utalia siku ya kufungasha.

"Mdogo wangu Kitinda anayo hii hii," mke akamnong'oneza mumewe. "Mkiishiwa mnaazimana. Hiyo nyeusi utamwazima nani? Utakaa nayo kama picha ukutani."

Shabaha akashusha pumzi. Akaigusa nyeusi mara ya mwisho, akasema, "Funga hiyo ya kawaida." Mkewe alifurahi kwa kuwa amesikilizwa, na kusema kweli alikuwa amesema jambo la akili. Hata meneja alipoiona bunduki alimsifu. Hakuna aliyefikiri kwamba kitu kinachopatikana kwa urahisi kinapatikana kwa kila mtu, kwa kazi yoyote aliyonayo moyoni.

*

Kitinda alikuwa mdogo wake mke wa Shabaha, kitinda mimba wa nyumba yao, na jina hilo lilimganda hata alipoota kipara. Mama yao alifariki Kitinda akiwa bado anatambaa. Dada ndiye aliyembeba mgongoni, akamwogesha, akampigania shuleni. Sasa Kitinda alikuwa mlinzi wa shamba la ng'ambo ya kijito, mtu wa vichekesho. Akiingia uani kuku wote wanajua.

Siku ile alikuja mchana, akamkuta dada yake kwenye cherehani na shemeji yake anasafisha bunduki.

"Shemeji, niokoe. Nguruwe wameingia kwangu kama wamealikwa harusi. Nina bunduki, sina hata punje ya risasi."

"Mgao wako?" Shabaha akauliza.

"Umechelewa. Si unazijua ofisi zao? Nipe tano tu. Nikipata zangu nakurudishia."

Sheria ilikataza kuazimana risasi, na ilikataza kwa maneno makali. Lakini walinzi wote wa mashamba yale waliazimana kama majirani wanavyoazimana chumvi, na walikuwa na utaratibu wao. Mwazimaji anarudisha maganda yote matupu, kwa sababu mwenye risasi atayahitaji siku ya ukaguzi. Afande wa kituo cha polisi anahesabu risasi zilizobaki na maganda yaliyotumika, jumla lazima ilingane na mgao. Ikipungua hata moja, leseni inakaa mezani kwake.

Shabaha akasitasita. Hakuwa mchoyo. Kuna kitu katika uso wa shemeji yake hakukipenda, ule ucheshi ulikuwa unaishia mdomoni.

"Mpe bwana," mke akasema huku mguu unakanyaga pedali. "Ni mdogo wangu, si mtu baki. Na wifi yangu hajambo? Mbona simwoni siku hizi?"

"Yuko kwao. Mama yake anaumwa mgongo."

Dada alijua hilo si kweli, au si kweli yote. Alishasikia kwamba wifi yake aliondoka na jicho limevimba, na doti moja ya kanga mkononi. Lakini kumuuliza mdogo wako mbele ya mumeo ni kumvua nguo, kwa hiyo akainamia mshono wake. Shabaha akahesabu tano kiganjani mwa Kitinda.

"Maganda yangu, Kitinda."

"Sasa nitayala? Nitakuletea, bwana!"

*

Alileta manne.

Aliyaweka mezani, pembeni ya bakuli la chai, siku mbili kabla ya ukaguzi. Shabaha akayatazama, kisha akatazama chini ya meza, kama mtu aliyeangusha kitu.

"La tano?"

"Limepotelea majanini."

"Bunduki hii haitemi mbali. Ganda linaangukia hapa, miguuni mwako."

"Basi nguruwe kalimeza." Kitinda akacheka peke yake.

"Umeangusha nguruwe wangapi?"

"Wanne. Mimi sikosi, shemeji, muulize yeyote."

"Wanne kwa nne. Basi ya tano hukuipiga. Nirudishie yenyewe, nzima. Nafuu hata."

Kicheko kikakatika. Mkono wa kushoto wa Kitinda ulikuwa umelala juu ya mfuko wa shati lake, pale kifuani, na alipogundua kwamba dada yake anautazama akaushusha taratibu.

"Shemeji, umeingia upolisi lini?"

"Kitinda," dada akasema, "kama unayo, itoe. Mwenzio watamnyang'anya leseni. Tutalala wapi?"

"Ningekuwa nayo ningekunyima wewe, dada? Wewe uliyenibeba?" Machozi yakamlengalenga kweli. Hapo dada akaisha kabisa. "Mimi shida yangu si risasi. Nataka mke wangu arudi. Simu zangu hapokei. Wewe anakusikiliza, na mama yake anakuheshimu. Waambie nimebadilika. Mtu akirudi nyumbani kwake, mambo yanakwisha."

Dada akaahidi, na jioni ile ile akapiga simu. Alianza na mama wa wifi yake, akamsalimia vizuri, akamuuliza mgongo. Mama akashangaa, mgongo wake ulikuwa mzima. "Mwanangu," yule mama akasema mwishoni, "wewe ni mtu mzima. Ukiniambia arudi, nitamwambia arudi. Neno lako ndilo nitakaloshika." Naye dada akasema arudi. Aliusema moyo wake. Alikuwa anamwona yule mtoto wa mgongoni, hakumwona mtu mwenye kipara aliyeshika mfuko wa shati.

*

Kupata ganda jingine hakukuwa kazi. Ndiyo faida ya kaliba ya kawaida. Mkulima mmoja wa karibu alikuwa ameyafunga maganda kwenye waya kuzunguka bustani yake ya mtama, upepo ukivuma yanalia na kufukuza ndege. Shabaha alisimama pale kwenye uzio, akaona haya kama mtu anayeomba sigara.

"Naomba moja."

"Chukua hata kumi," mkulima akamwambia. "Majangili wanayatupa ovyo. Unataka kutengeneza hereni?"

Ganda lilikuwa limefanya kutu ya kijani shingoni. Mke wa Shabaha akalisugua kwa majivu na kipande cha limau, akalikausha kwa kanga, akaliweka na mengine. Likachanganyika vizuri mno. Alipomaliza, mke alinawa mikono mara mbili.

Kwenye chumba cha silaha cha kituo cha polisi, afande alimwacha Shabaha asimame ingawa kulikuwa na kiti. Akala chapati yake mpaka mwisho, akafuta vidole, ndipo akamimina risasi na maganda kwenye meza. Akahesabu kwa ncha ya kalamu. Kalamu ikasimama juu ya ganda moja, akalinyanyua kwenye mwanga.

"Hili mbona linang'aa kuliko wenzake?"

"Nimelisafisha, afande. Liliangukia topeni."

"Mtu msafi." Akalirudisha. "Ishirini kamili. Wengine wangekuja kujifunza kwako. Ningekuwa na walinzi kumi kama wewe ningelala usingizi." Akagonga muhuri kwenye kibali. "Yule shemeji yako, kwa mfano. Yule nimemzuilia mgao."

"Umemzuilia?"

"Hukujua? Mke wake alikuja hapa na jicho hivi. Kasema bwana kamwambia, nitakumaliza kwa risasi moja tu, wewe huna thamani ya mbili. Sasa mambo ya mke na mume sisi hatuyaingilii sana, lakini nikasema basi, huyu asipewe hata punje mpaka wapatane. Bunduki bila risasi ni mti wa kufukuzia mbwa. Nimemwambia na mwanamke mwenyewe, tulia mama, hana kitu." Akamsukumia kibali. "Sahihi hapo."

Shabaha akatia sahihi. Afande akamwuliza kama anaumwa.

*

Aliporudi nyumbani alimkuta wifi, mke wa Kitinda, amekaa kwenye mkeka, na begi lake la safari limeegemea ukuta. Jicho lilikuwa limepona, ila upande wa nyusi palibaki alama ndogo. Mke wa Shabaha alikuwa anammiminia chai.

"Karibu, shemeji!" wifi akasema kwa furaha. "Napita tu kuwaamkia. Nimesikia wito wa wifi, sina ujanja."

"Karibu," Shabaha akasema. Akabaki mlangoni.

"Sitaki kudanganya, nilikuwa naogopa," wifi akaendelea, safari hii kwa sauti ya chini. "Mambo aliyokuwa akiniambia huyu mdogo wenu, hata sitayarudia. Lakini nimepita kituoni asubuhi, afande kaniapia kwamba hana risasi hata moja. Na wifi hapa kasema amebadilika. Nikajiambia, mimi nani nikatae? Ila ningejua ana hata nusu ya risasi, haki ya Mungu, nisingekanyaga."

Mke wa Shabaha akaendelea kumimina, chai ikajaa kikombe, ikamwagika kwenye sahani.

"Wifi! Chai!"

"Uwii, samahani. Ni hili joto."

Mume na mke wakatazamana juu ya kichwa cha mgeni. Shabaha alikuwa anafikiria muhuri ambao wino wake haujakauka, na meneja, na miaka ya jela ambayo sheria inampa mtu aliyeazima risasi. Mkewe alikuwa anafikiria mfuko wa shati. Alijiambia, kama hana risasi ile? Kama kweli ilipotea? Nimpakaze mdogo wangu uuaji, nimfunge mume wangu, kwa kitu ambacho hata sikukiona? Sababu zote hizo zilikuwa nzuri. Ndizo zilizomfunga mdomo.

Wifi akamaliza chai. Akasimama, akachukua begi, akamkumbatia wifi yake kwa nguvu. "Nitapika, kisha nitakupigia. Usiwe na wasiwasi, naona uso wako."

Wakamsindikiza mpaka njia panda. Akageuka mara moja kupunga mkono, kisha akashuka kuelekea kijitoni.

"Afande kasema aliahidi kummaliza kwa moja," Shabaha akasema.

"Nani?"

"Kitinda. Alimwambia mkewe. Risasi moja, huna thamani ya mbili."

Mke akamtazama kana kwamba amempiga kofi. "Na umekaa na neno hilo tumboni muda wote huu? Amekaa pale mbele yako anakunywa chai!"

"Na wewe? Si ulikuwa na birika mkononi?"

"Nakwenda kituoni."

"Utasema nini? Kwamba lile ganda tulilisugua sisi? Watanifunga, mama watoto. Nyumba imekwenda."

"Iende!" Alikuwa ameshaanza kutembea, kanga inamburuzika. "Iende nyumba, iende leseni, mimi nitashona chini ya mti! Wewe mkimbilie, mrudishe!"

Shabaha alisimama pale njia panda. Alisimama muda mrefu kuliko atakavyokuja kukiri kwa mtu yeyote. Kisha akaanza kukimbia kuelekea kijitoni.

*

Afande alikuwa ameshafunga chumba cha silaha, amekaa kaunta anachezea simu.

"Mdogo wangu ana risasi," mke wa Shabaha akasema huku anahema. "Na mke wake amerudi sasa hivi. Twende, afande. Twende."

"Tulia, mama. Nani ana risasi?"

"Kitinda. Anayo moja. Ni yetu, mume wangu alimwazima."

Afande akacheka kwa upole, namna watu wanavyomchekea mtoto. "Mumeo ametoka hapa leo hii. Risasi zake zimetimia. Nimehesabu mimi, kwa mkono huu."

"Hazikutimia! Ganda moja si letu. Tuliliomba, nikalisugua kwa majivu, mimi mwenyewe!"

"Mama." Sauti ikabadilika. "Unaelewa unachosema? Unasema mumeo amedanganya serikali. Unasema na mimi nimepigwa changa la macho, nimegonga muhuri juu ya uongo. Ndicho unachotaka niandike?"

"Andika! Andika chochote, lakini twende!"

"Gari halina mafuta. Na mimi sikurupuki kwa maneno ya mtu aliyekosana na mumewe." Akanyanyua simu. "Tufanye kistaarabu. Namuuliza mwenyewe."

"Usimpigie! Afande, nakuomba, usimpigie!"

Alikuwa ameshapiga. Akaweka sauti ya nje ili mama asikie na aridhike. Kitinda akapokea kwa uchangamfu wake wote.

"Afande! Shikamoo mkubwa!"

"Marahaba. Dada yako yuko hapa, anasema unayo risasi ya shemeji yako."

Kisha kicheko. "Dada yangu ana wasiwasi tangu nikiwa mdogo, afande. Nikikohoa anaita daktari. Mimi nitoe wapi risasi? Si umenifungia mwenyewe?"

"Na mkeo?"

"Yupo, anamenya viazi. Tumepatana, namshukuru Mungu."

"Safi. Ishini vizuri." Afande akaweka simu mezani. "Umesikia? Viazi. Nenda nyumbani, mama, ukapumzike. Hili nitalisahau, kwa heshima ya mumeo."

Mke wa Shabaha akatoka nje. Kabla hajafika getini simu yake ikaita. Ilikuwa namba ya wifi yake, akaipokea kwa mikono miwili.

"Wifi! Toka humo ndani! Toka sasa hivi!"

"Si yeye," Kitinda akasema. Hakukuwa na mzaha hata chembe. "Simu yake ninayo mimi. Kwa hiyo ulikuwa unajua, dada. Ulijua, na bado ukaniletea."

"Kitinda, mdogo wangu, nisikilize..."

Nyuma yake sauti ya mwanamke ikauliza, "Unaongea na nani?" Simu ikakatika.

Alirudi ndani anapiga mayowe, na safari hii afande akasimama. Mafuta yakapatikana.

*

Walipofika, watu walikuwa wameshajaa kwenye uzio wa nyumba ya mlinzi wa ng'ambo, wamesimama bila kuongea. Kitinda alikuwa amekaa kizingitini, bunduki iko magotini, na alipoona gari la polisi aliiweka chini mwenyewe akanyoosha mikono. Hakumtazama dada yake. Afande akaingia ndani, akatoka, akaenda kuegemea gari akavua kofia.

Shabaha alikuwa amekaa chini kando ya njia, suruali imelowa mpaka mapajani. Mkewe akamfuata.

"Hukumkuta?"

"Nilikuwa bado majini."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ngapi?"

"Moja."

Akakaa hapo hapo chini, akajishika kichwa, akalia kwa sauti mpaka wanawake wawili wakaja kumshika mabega. Alikuwa analia na kusema ni mimi, ni mimi, nao wakamwambia nyamaza, si wewe, shetani tu huyo. Simu yake ikaita tena ndani ya kanga. Aliitazama muda, kisha akaipokea kwa sababu hakujua atafanya nini kingine.

"Mwanangu," mama yake wifi akasema, "samahani kwa usumbufu. Huyu mtoto nampigia hapokei. Nilitaka kujua tu, amefika salama?"

Mke wa Shabaha akafungua mdomo. Mume alikuwa anamtazama, afande alikuwa anamtazama, uzio mzima ulikuwa unamtazama.

"Amefika, mama," akasema.